Mkataba wa Sayansi ya Nyuklia na Haki ya Salgaa Kuujua

Mhadhara kwa umma, Salgaa, Kaunti ya Nakuru



Tuanze na haya malori yaliyopangana kando ya barabara. Yametoka bandari ya Mombasa, na mengi hayakubeba mzigo wa Kenya. Mzigo ni wa Uganda, wa Rwanda, wa Burundi, wa Sudan Kusini, wa mashariki ya Kongo. Hayapiti hapa kwa hisani ya mtu yeyote. Yanapita kwa sababu mwaka 1985 serikali za kanda hii zilitia saini mkataba wa usafirishaji wa Ukanda wa Kaskazini, zikaurekebisha mwaka 2007, na ndani yake kila nchi iliahidi kuuachia njia mzigo wa jirani. Hoteli za hapa, loji, vibanda vya mahindi ya kuchoma, vijana wanaoziba pancha usiku kucha, wote wanakula kwa mkataba huo. Na makaburi mengi ya huku, kuanzia Migaa hadi Sachangwan, nayo yanatokana na msongamano ulioletwa na mkataba huo huo. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kwamba mikataba ya mataifa ni mambo ya Nairobi. Salgaa mnaishi ndani ya mkataba, kwa neema yake na kwa msiba wake.

Jioni hii nimekuja kuzungumzia mkataba mwingine. Jina lake ni refu: Mkataba wa Ushirikiano wa Kikanda wa Afrika katika Utafiti, Maendeleo na Mafunzo ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia. Kwa kifupi huitwa AFRA. Ulianza kutumika tarehe 4 Aprili 1990 chini ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, lenye makao yake Vienna, ambalo Kenya ni mwanachama wake tangu 1965. Leo AFRA ina nchi zaidi ya 40, na Kenya ni mojawapo. Mkataba huu una sifa moja ambayo mingi haina: umri wake ni miaka mitano tu. Ukitimia, nchi wanachama hukubaliana kuuongezea mitano mingine, na kila serikali hupeleka taarifa kwamba imeukubali tena.

Mimi nataka Kenya iukubali kila unapokuja. Nimefundisha fizikia, ninajua kazi inayofanywa chini yake, na nitawaeleza. Lakini nataka uridhiwe hadharani, watu wa mahali kama hapa wakijua kilichoandikwa na wakiulizwa wanaonaje, kwa sababu faida yake na hatari yake zote mbili zinapita katika barabara hii.

Kwanza niondoe hofu iliyo mezani. Mtu akisikia neno nyuklia nchini Kenya siku hizi anafikiria Uyombo, kule Kilifi, ambako wananchi waliandamana mwaka 2024 kupinga mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia. Watu wa Uyombo walikuwa na haki ya kuuliza kuhusu bahari yao, mikoko yao na ardhi yao, na mimi nasimama upande wa yeyote anayedai kuulizwa kabla ya kujengewa. Ila AFRA haijengi mtambo wa umeme. Inaunganisha vyuo, hospitali, mashamba ya utafiti na maabara za Afrika ili wafunzane wao kwa wao, waazimane vifaa na wataalamu, na wafanye pamoja yale ambayo nchi moja haiwezi kuyafanya peke yake. Anayetaka kupinga mtambo asiukatae mkataba huu kwa hasira ya mtambo. Na serikali nayo isijaribu kupitisha mtambo kwa kuuficha nyuma ya mashine ya kutibu saratani. Kila jambo lijadiliwe kwa jina lake.

Kuna historia nyuma ya neno amani katika mikataba ya nyuklia ya Afrika, na ni historia chungu. Urani iliyotumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945 ilichimbwa kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, katika jimbo la Katanga, Kongo. Waafrika waliichimba kwa mikono yao bila kuambiwa ni mawe ya nini. Ndiyo maana bara hili liliandika Mkataba wa Pelindaba, uliofunguliwa kwa saini mjini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika tarehe 15 Julai 2009, unaokataza silaha za nyuklia kote Afrika. Kenya imo. Na wale walioandika Pelindaba hawakuishia kukataza. Katika kifungu cha 8 walizihimiza nchi zitumie sayansi hii kwa maendeleo, tena wakaitaja AFRA kwa jina kama njia ya kushirikiana. Sisi tulitoa mawe bila kujua, na sasa tunadai elimu iliyotokana na mawe yale. Kwangu mimi hilo ni dai la haki kabisa.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Kutoka hapa hadi Njoro si mbali. Pale Njoro kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho wakulima wa ngano duniani kote wanakitegemea, ingawa wakazi wengi wa huku kwetu Rongai hupita langoni bila kujua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchini Uganda ulionekana ugonjwa mpya wa kutu ya shina la ngano, ukapewa jina Ug99. Kutu hii husafiri kwa upepo. Iliingia Kenya, ikavuka hadi Yemen, na baadaye Iran. Mkulima wa Mau Narok aliyewahi kuona shamba la kijani likigeuka vumbi jekundu kwa wiki chache hahitaji kuelezwa zaidi. Ngano nyingi zilizokuwa zikilimwa duniani hazikuwa na kinga dhidi yake, na Njoro ikawa mahali pa kuzipima: nchi mbalimbali huleta mbegu zao zipandwe pale, ziachiwe kutu, ionekane ipi itasimama.

Hapo ndipo mionzi ilipoingia. Mbegu za ngano huwekwa mbele ya mionzi ya gama kwa kipimo maalumu. Mionzi hupita ndani ya mbegu na kubadilisha vijisehemu vya urithi wake. Nyingi hutoka dhaifu, nyingine hazioti kabisa, lakini katika maelfu hupatikana chache zilizopata sifa ambayo mama yao hakuwa nayo. Hizo ndizo huchaguliwa, zikapandwa tena na tena, msimu baada ya msimu, mpaka sifa hiyo itulie. Mbegu haibaki na mionzi, kama wewe usivyobaki na mionzi baada ya kupigwa picha ya eksirei ya kifua. Nasisitiza hili kwa sababu nimesikia watu wakisema ngano hiyo ina sumu, na si kweli.

Kazi ya aina hiyo ilianza mapema hapa hapa. Mwaka 2001 ilitolewa Njoro-BW1, ngano iliyopatikana kwa njia ya mionzi, inayovumilia ukame. Utafiti huo uliongozwa na Profesa Miriam Kinyua, Mkenya, ambaye baadaye aliendelea na kazi hiyo upande wa Eldoret. Mwaka 2009 IAEA iliunganisha nchi nyingi katika mradi mmoja wa kupambana na Ug99. Mbegu zilipelekwa maabara ya Seibersdorf, karibu na Vienna, zikapigwa mionzi, zikarudishwa kupimwa katika kutu ya huku kwetu. Kufikia mwaka 2014 Kenya ilikuwa imetoa aina mbili, Eldo Ngano 1 na Eldo Mavuno, zenye kinga dhidi ya kutu. Kwa kawaida kuzalisha mbegu mpya huchukua muda unaokaribia mara mbili ya huo. Angalieni jinsi kazi ilivyogawanyika: ugonjwa ulionekana Uganda, shamba la kupimia lilikuwa Njoro, mashine ilikuwa Austria, na mbegu ilitoka Eldoret. Hakuna nchi moja hapo ambayo ingemaliza peke yake. Mtu akiniuliza ushirikiano ni nini, nitampeleka Njoro.

Mfano mwingine nitaugusa tu. Unguja ilisumbuliwa na mbung'o, ng'ombe wakifa kwa nagana. Kuanzia 1994 mbung'o dume walizalishwa Tanga kwa mamilioni, wakahasiwa kwa mionzi, wakamwagwa kisiwani kwa ndege. Jike aliyepandwa na dume huyo hazai. Kufikia 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o. Bara likasaidia kisiwa, na ng'ombe wa Unguja wakapona.

Nije kwenye saratani, na hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu najua katika umati huu wamo waliopoteza mtu. Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Bonde la Ufa aliyeambiwa anahitaji kuchomwa kwa mionzi, na hana pesa za hospitali ya kibinafsi, alikuwa na njia moja tu: Hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Matibabu hayo hayafanywi siku moja. Mtu huenda siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Alihitaji nauli, mahali pa kulala, mtu wa kumsindikiza, na kabla ya yote alihitaji kungoja foleni ambayo ugonjwa haukuingoja. Ndiyo maana kuwepo kwa kituo cha saratani cha kanda katika hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Nakuru ni jambo kubwa kuliko majengo mengi yaliyozinduliwa kwa ngoma.

Lakini mashine ya kuchoma saratani haifanyi kazi kwa kuwepo tu. Zipo za aina mbili. Ya zamani hutumia kobalti, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na miezi michache, kwa hiyo kila muda lazima inunuliwe mpya na ile ya zamani iondolewe kwa usalama. Ya kisasa huzalisha mionzi kwa umeme. Haiachi taka ya aina hiyo, ila inataka umeme usiokatika na fundi anayeijua. Zote mbili zinahitaji mtu ambaye wagonjwa hawamwoni: mwanafizikia wa tiba, anayepima kipimo kabla daktari hajaanza. Akikosea kidogo chini, saratani inabaki. Akikosea kidogo juu, mgonjwa anaungua. Watu hao ni wachache mno katika Afrika, na hawafundishwi kwa semina ya wiki moja.

Hapa AFRA ina kazi ya moja kwa moja. Mkataba unatambua vituo vya mafunzo vya kanda, ambapo chuo cha nchi moja kinafundisha watu wa nchi nyingine. Ghana, kwa mfano, ina chuo cha sayansi ya nyuklia katika Chuo Kikuu cha Ghana tangu 2006, na wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika wamesomea huko. Sisi tuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nyuklia katika Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kijana wa Rongai aliyefaulu fizikia angepaswa kulijua hilo. Ni walimu wangapi wa shule za upili hapa wamewahi kumwambia mwanafunzi wao kwamba kuna kazi inaitwa mwanafizikia wa tiba, na kwamba Nakuru itamhitaji?

Juu ya maji nitasema machache. Wengi wetu tuna meno ya kahawia. Ni floridi, iliyojaa katika maji ya visima vya Bonde la Ufa kwa sababu ya mawe ya volkano yaliyo chini yetu. Wataalamu wanaweza kupima aina za atomu zilizomo ndani ya maji na kujua maji hayo yametoka mvua ipi, mlima upi, au ziwa lipi. Kwa njia hiyo ilithibitika kwamba Ziwa Naivasha, ambalo halina mto unaotoka, huvuja chini ya ardhi, na ndiyo sababu maji yake si chumvi kama ya Nakuru na Elmenteita. Kaunti inayochimba visima kwa fedha za umma ingefaa kutumia elimu hiyo kabla ya kutoboa, isije ikawachimbia watu floridi.

Sasa nirudi barabarani, kwenye jambo lililonileta Salgaa badala ya ukumbi wa Nairobi.

Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan. Watu walikimbia na madumu. Moto ukalipuka, wakafa zaidi ya watu 100. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, pale Migaa, basi na lori viligongana, wakafa watu 36. Ninyi mnaujua mteremko huu kuliko mimi: dereva anaondoa gia ili kuokoa mafuta, breki zinachemka, na tani zote zile zinashuka bila mwenyewe. Ukuta wa zege ulijengwa katikati ya barabara kutenganisha magari, na umesaidia. Lakini lori bado linaweza kupinduka, na likipinduka watu bado wanakimbilia, wengine kuokoa, wengine kuokota.

Katika magari yanayopita hapa, machache hubeba vitu vyenye mionzi. Chanzo cha mionzi cha mashine ya hospitali lazima kipite barabarani. Wajenzi wa barabara hutumia kifaa kidogo cha kupima kama udongo umeshindiliwa vizuri, na ndani yake mna kipande cha sesiamu. Wakaguzi wa mabomba hutumia iridiamu kuona nyufa za chuma. Madini ya koltani yatokayo Kongo na Rwanda mara nyingine huwa na urani na thori ya asili, kiasi cha kusafirishwa kama mzigo wenye mionzi. Yote haya ni halali, na yakifungwa inavyotakiwa hayamdhuru anayepita kando. Chombo cha kusafirishia vyanzo vikali hupimwa kwa kudondoshwa na kuchomwa moto kabla ya kuruhusiwa. Nataka mlale bila wasiwasi juu ya hilo.

Wasiwasi wangu ni kile kitakachofanyika kitu hicho kikianguka mikononi mwa asiyekijua. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, watu wawili waliingia katika zahanati iliyohamwa wakachukua mashine ya saratani iliyoachwa humo, wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa buluu gizani. Watu waliushangaa, wakaugawana, watoto wakajipaka. Walikufa wanne, mmoja akiwa msichana wa miaka sita. Watu 249 walikutwa wameingiwa na mionzi, na zaidi ya 100,000 wakapangwa foleni kupimwa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakuna aliyekuwa ameambiwa.

Salgaa ina mizani ya vyuma chakavu. Ina vijana wanaofika kwenye ajali kabla ya polisi. Ni nani amewaonyesha alama ya mionzi, ile yenye mabawa matatu meusi juu ya manjano? Ni nani amewaambia kwamba ukiiona usiguse, usifungue, sogea mbali, uwazuie wengine, na upige simu? Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, iliyounda mamlaka ya kutoa leseni na kukagua. Ina ghala la taka za mionzi kule Oloolua, Ngong. Mkataba wa Ukanda wa Kaskazini una itifaki ya mizigo ya hatari. AFRA inafundisha maofisa wa usalama wa mionzi. Karatasi zipo. Zimeishia ofisini, na hazijafika kwenye mizani ya vyuma wala kwenye kituo cha bodaboda. Hilo ndilo pengo ambalo kuridhia mkataba hadharani kungeweza kuliziba.

Nieleze basi njia yenyewe. Katiba ya 2010, ibara ya 2, inasema mkataba ukiridhiwa na Kenya unakuwa sehemu ya sheria ya Kenya. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya kutunga na kuridhia mikataba. Kabla ya hapo serikali ilikuwa ikifunga mikataba bila kulazimika kumwuliza mwananchi, na AFRA ilikuwa tayari imetimiza miaka 22. Sasa waziri anayehusika hupeleka waraka kwa Baraza la Mawaziri, kisha mkataba huenda Bunge la Taifa, kamati huutazama na kuwasikiliza wananchi, Bunge hukubali au kukataa, na Waziri wa Mambo ya Nje ndiye anayetia saini hati ya kuridhia. Waraka ule unatakiwa kueleza gharama za mkataba, athari zake kwa kaunti, na maoni ya umma.

Kwenye hayo mambo matatu ndipo mimi ningekaza. Mara nyingi tunaambiwa mkataba wa aina hii ni wa kitaalamu, hauna gharama, uende haraka. Mimi sikubali. Ushirikiano ambao hatuutengei fedha unatugeuza wageni katika meza yetu wenyewe: wenzetu wanapeleka wanafunzi watano, sisi tunapeleka ofisa mmoja aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Afya ni kazi ya kaunti, kwa hiyo Nakuru iandikwe katika waraka huo, pamoja na umeme wa mashine na mshahara wa mwanafizikia. Na maoni ya umma yasiwe ya waliohudhuria hoteli moja Nairobi.

Tangazo la kamati hutoka magazetini na muda wa kutoa maoni huwa mfupi, kwa hiyo andaeni yenu mapema. Barua huandikwa kwa Karani wa Bunge la Taifa, Majengo ya Bunge, Nairobi, na mnaweza kuiandika kwa Kiswahili, kwa kuwa ibara ya 120 ya Katiba imekifanya kuwa lugha rasmi ya Bunge. Semeni mnataka mkataba uridhiwe, kama mmeridhika na niliyoyasema. Kisha ulizeni: kila miaka mitano, Wakenya wangapi wamefunzwa, na wangapi kati yao wanafanya kazi nje ya Nairobi? Mbegu zilizotoka Eldoret na Njoro zinauzwa duka gani hapa Rongai, na kwa bei gani? Nani atawafundisha wanunuzi wa vyuma, polisi wa barabarani na wahudumu wa zahanati ya hapa alama ya mionzi, na lini? Wekeni nambari ya simu ya mzee mmoja na kijana mmoja watakaofuatilia jibu. Walimu walioketi mbele wamekubali kubaki hapa baada ya chai kusaidia kuandika.